Kivuli cha Zanzibar

Redio ya nyumbani kwetu Kigoma ilikuwa na kioo ambacho namba zake za masafa mafupi zilisongamana sana, hata kati ya 10 na 12, yaani kilohezi 10,000 na 12,000, hapakuwa na alama yoyote isipokuwa kistari kimoja cha 11. Aliyetaka kujua kituo fulani kiko kwenye kilohezi ngapi hasa, ilimbidi abuni njia yake mwenyewe. Njia yangu, mwaka 1991 nikiwa kidato cha pili, ilikuwa rula ya shule.

Mjomba wangu, aliyekuwa fundi redio pale Mwanga, alikuwa amenipa vigingi viwili vya kupimia. Cha kwanza kilikuwa kwenye kilohezi 10,000, mahali ambapo usiku ungesikia mlio mfupi ukigonga kila sekunde bila kuchoka. Ni vituo vya kutoa saa sahihi, na kwa kuwa Wamarekani na Wachina wote huyatumia masafa hayo, sikupata kujua nilikuwa nikiwasikiliza akina nani. Cha pili kilikuwa Sauti ya Tanzania Zanzibar kwenye kilohezi 11,735, iliyoshika kwetu jioni kana kwamba mtambo wake umesimikwa Ujiji. Kutoka kigingi kimoja hadi kingine mshale ulisafiri milimita 21, kwa hiyo kila milimita ilibeba kilohezi kama 83. Niliyaandika yote hayo kwenye daftari la hisabati, upande wa nyuma, na kwa wiki kadhaa nikawa napima kila kilichosikika katikati.

Jioni moja ya mwezi Julai, mshale ulipofika milimita 10 kutoka kwenye kigingi cha kwanza, nikasikia taarabu. Sauti ilikuwa hafifu na mikwaruzo ilikuwa mingi, ila Kiswahili kilikuwa Kiswahili. Nilisubiri mtangazaji ataje jina la kituo, lakini kila wimbo ulipokaribia kwisha sauti ilizama, na ilipoibuka wimbo mwingine ulikuwa umekwisha kuanza. Nikapiga hesabu: kilohezi 10,826. Kioo chenyewe kilionyesha mita 31 upande mmoja na mita 25 upande wa pili, na pale katikati hapakuwa na bendi ya utangazaji hata kidogo. Nilikuwa nimegundua kituo ambacho hakikutakiwa kuwepo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwaambia wenzangu darasani. Mmoja wao aliapa kwamba matangazo yale yalitoka ndani ya meli ya Liemba, na kufikia mchana habari hiyo ilikuwa imeshapata na jina la nahodha. Sikumsahihisha, kwa sababu sikuwa na maelezo bora zaidi.

Siku ya tatu niliifunga redio kwenye kanga ya mama, nikaipeleka kwa mjomba. Baada ya kumwamkia nilimwonyesha daftari, naye akalisoma kwa makini kuliko nilivyotarajia, akiufuata kila mstari kwa ncha ya bisibisi. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Mjomba, hii rula yako umeiamini?" Nikajibu kwamba nimepima mara nne. Basi akachukua redio ya mteja iliyokwisha kutengenezwa, akaiweka kando ya yetu, akaivuta hadi 11,735, kisha akaniambia niivute yangu hadi kwenye kituo changu cha siri.

Wimbo ulikuwa mmoja. Haukuwa unafanana tu, ulikuwa wimbo uleule katika beti ileile, na sauti ilipofifia kwenye redio ya mteja ilififia na kwenye yetu, ikarudi kwa pamoja kama watu wawili wanaovuta kamba moja. Halafu redio ya mteja ikalitaja jina la kituo waziwazi, na yetu, kwa sauti ya chini ya mtu aliyefunikwa blanketi, ikalitaja jina hilohilo. Nilikuwa nimekitumia kituo kile kama kigingi kwa wiki kadhaa, na sikukitambua kiliponijia kwa mlango wa nyuma.

Mjomba alinieleza juu ya kipande cha karatasi ya kaki. Redio, alisema, haikuzi wimbi la kituo moja kwa moja. Hutengeneza wimbi lake la ndani, lililo juu ya namba ya mshale kwa kilohezi 455, kisha hukuza ile tofauti kati ya wimbi hilo na la kituo. Mshale ukiwa 10,825, wimbi la ndani huwa 11,280. Akaniambia nitoe 11,280 kwenye 11,735. Nikatoa, nikapata 455 ileile. Kwa hiyo redio huona vituo viwili vyenye tofauti sawa, kimoja chini na kimoja juu, na koili ya mbele ndiyo inayopaswa kumzuia yule asiyealikwa. Koili ya redio yetu ilikuwa moja tu, tena dhaifu, na Zanzibar ilikuwa na nguvu za kuisukuma ikapita. Kituo changu cha siri yeye alikiita kivuli, na alisema kila kituo chenye nguvu kina kivuli chake, kilohezi 910 chini ya mahali pake.

Kilichonifurahisha, nakiri, ni kwamba rula yangu ilikosea kwa kilohezi moja tu. Huenda ilikuwa bahati, maana mistari ya vioo vile haikuwa na nafasi zinazolingana, lakini mjomba aliiandika 10,825 kwenye daftari langu kwa kalamu yake nyekundu, bila kuikata 10,826 yangu.

Usiku ule, nyumbani, nilitoa 910 kwenye kila namba niliyokuwa nayo, nikaanza kuvitafuta vivuli kimoja baada ya kingine. Nilivipata viwili, kimoja cha Kifaransa na kimoja cha lugha nisiyoijua, kabla betri hazijaisha, na asubuhi mama alizikuta zimeanikwa juani juu ya bati naye akitaka taarifa ya habari ya saa moja.