Kamba ya futi tatu, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu

Sisi tuliokulia Muheza, mkoani Tanga, tuna majivuno yetu. Ukitaja reli tu, tunakuambia imeanzia kwetu: Wajerumani walianza kutandika Tanga mwaka 1893, Mombasa wakafuata 1896, waliobaki wote ni wajukuu. Baba yangu alikuwa mtu wa genge la reli, kazi yake nyundo na mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli, na kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mwembeni. Basi rafiki yangu mmoja wa Unguja aliponiambia, "Nyie reli mmeijua juzi, Sayyid Barghash alikuwa na yake," nilimcheka mbele za watu. Nikaenda kusoma. Kicheko kikanikauka.

Kumbe mwaka 1879 Barghash, sultani wa Zanzibar, alitandika reli kutoka jumba lake la mjini hadi Chukwani, maili saba hivi. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha mwaka 1881 akaagiza kichwa kidogo cha treni kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Alipofariki 1888 kila kitu kikageuka chuma chakavu. Hiyo haina pa kuifuata. Lakini iko ya pili, gari la moshi la Bububu, iliyojengwa 1904 na 1905, nayo pia ya maili saba. Wajenzi wake walikuwa Arnold, Cheney & Co. wa New York, watu wa biashara ya pembe za ndovu. Waingereza walikuwa wameshaiweka Zanzibar chini yao tangu 1890, lakini reli akapewa Mmarekani. Kwa mji ambao ulikuwa ukivaa merikani, kitambaa cha pamba cha Marekani, miaka mingi kabla ya hapo, labda si ajabu. Na kwetu, mwaka huohuo 1905, Wajerumani ndiyo kwanza walikuwa wakifungua njia ya Mombo.

Reli za bara tulizozizoea zina upana wa mita moja. Ya Bububu ilikuwa ya futi 3, yaani sentimita 91 na ushei. Nikachukua kamba ya katani, ya kwetu hasa, nikaipiga mafundo mawili yenye nafasi hiyo katikati, nikaitia mfukoni na kupanda boti ya asubuhi Dar es Salaam.

Nilianzia Ngome Kongwe, kwa kuwa mwanzoni mwa karne iliyopita ngome hiyo ilitumika kwa shughuli za reli hii. Leo kuna jukwaa la muziki na maduka ya picha za tingatinga. Nilizunguka ukuta kwa ndani na kwa nje, nikachungulia chini ya kila ngazi, mpaka kijana mmoja anayeongoza watalii akaniuliza kama nimepoteza simu. Nilipomwambia natafuta reli, alinitazama kwa huruma, akanielekeza bandarini.

Kutoka hapo nilitembea Forodhani, Mizingani, hadi Malindi. Sikuona chuma hata cha msumari. Katika picha za zamani utaona treni ikipita katikati ya mji, imebanwa na nyumba kiasi kwamba mtu wa dirishani angeweza kumpa dereva kikombe cha kahawa. Ukisimama leo kwenye barabara za Mji Mkongwe, pikipiki ikikupitia ubavuni, huoni ajabu tena. Sentimita 91 ni kipimo cha mji huu.

Baada ya Malindi mji unalegea: Kinazini, Gulioni, kisha barabara inaelekea kaskazini, bahari kushoto, na daladala za namba 502 zinapita zikiita abiria wa Bububu. Hapo ndipo niliaibika. Karibu na Maruhubi, kwenye magofu ya jumba la Barghash lililoungua mwaka 1899, niliona mabaki ya ujenzi wa mawe yamejipanga kwenda mbele, marefu, yaliyonyooka. Moyo ulinidunda. Nilitoa kamba, nikapima, nikaandika kwenye daftari "nguzo za daraja la reli". Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini na wavu wake alinisubiri nimalize.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unapima nini?"

Nikamweleza. Akacheka taratibu, bila kunidharau.

"Huo mfereji wa maji. Sayyid Barghash aliyaleta maji mjini kutoka chemchemi za huko Bububu. Treni ipite juu ya mfereji? Ingewamwaga wote."

Nikafuta nilichoandika. Lakini mzee alinipa neno lililonisaidia kuliko vitabu. "Wewe unatazama pembeni," alisema. "Tazama unapokanyaga." Barabara ya Bububu, alinieleza, sehemu kubwa imelala palepale palipopita reli. Ndiyo maana haipandi ghafla wala haikati kona kali. Mtoto wa mtu wa genge, nilipaswa kuliona hilo mwenyewe. Treni haipendi mlima. Hata kilima cha mtu mzima kuhema kidogo kinaisumbua. Kuanzia hapo niliacha kutafuta vyuma nikaanza kuisoma lami: mteremko mrefu usiohisika, kona pana inayogeuka polepole kama mtu mwenye mzigo kichwani. Baba angeijua hiyo kona gizani.

Mtoni, chini ya kichochoro kinachoshuka kwenye kijito, nilipata kitu. Kando ya daraja la sasa kuna ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, umeota majani, haubebi chochote. Juu yake umekatwa bapa, kama unaosubiri kitu kilazwe. Nilishuka na viatu vyangu vikajaa tope. Watoto wanne walishuka nami, wawili wakashika kamba huku na wawili kule, na ukuta ukazipita fundo zangu kwa kiasi kinachotosha taruma kukaa. Nilipiga picha. Picha yenyewe inaonyesha majani tu.

Kibweni nilipita bila kusimama. Jua lilikuwa limeshakuwa kali na maji yangu yameisha.

Bububu yenyewe kila mtu ana hadithi ya jina lake. Konda mmoja aliniapia kwamba ni mlio wa treni: bu-bu-bu. Hadithi tamu, ila haiwezekani. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliandika habari za nyumba aliyokaa Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapwa Berlin mwaka 1886, karibu miaka ishirini kabla ya treni kupiga honi hapo. Wanaosema ni mlio wa chemchemi wana hoja nzuri zaidi. Nilimweleza konda. Akasema, "Basi treni ilijifunza kwa maji," akagonga bodi, gari ikaondoka.

Serikali ilichukua reli mwaka 1911. Magari na barabara nzuri vikainyang'anya abiria, na mwaka 1922 treni ya watu ikasimama. Mabehewa yakaendelea miaka kadhaa kubeba mawe ya kujengea bandari. Gari la moshi lilisaidia kujenga bandari, kisha likang'olewa.

Nilikuwa nimeshakata tamaa ya chuma nilipoingia uani kwa bibi mmoja kuomba maji. Nilipiga hodi, nikavuka mlango, mguu ukagonga kizingiti nikaruka kwa maumivu. Nilipoinama kujishika kidole nikakiona: kichwa kilichobonyea, kiuno chembamba, kitako kipana. Reli. Nyembamba kuliko zote alizowahi kubeba baba.

"Bibi, hiki kimetoka wapi?"

"Nimeolewa nimekikuta. Baba mkwe alisema cha gari la moshi." Akanipa kata ya maji. "Kinamwumiza kila mgeni."

Nilichukua jiwe nikakigonga. Kilitoa mlio mkavu, mfupi, kwa kuwa kimefukiwa nusu. Bibi alisimama na kuniangalia, kisha macho yake yakaenda kwenye kamba iliyokuwa inaning'inia mfukoni mwangu.

"Hiyo bado una kazi nayo?"

Mbuzi wake alikuwa amekata yake tangu asubuhi na alikuwa akila mchicha wa jirani. Nikaifungua mafundo, nikamwachia.