Nimerudi Tabora, Nimekuta Shule Yetu Imemkumbuka Mwalimu wa Michezo

Wapendwa, salamu kutoka Tabora. Nimefika salama. Nimeshakula ugali na nsansa ya karanga kwa mama mkubwa, nimeshazungushwa kwa ndugu wa Ng'ambo na Isevya, kila nyumba chai, kila nyumba "mbona umekonda?" Mlioko Ohio, Marekani, mlioniagiza habari za nyumbani, mji nitaupitia haraka, maana kuna jambo moja nataka kulieleza kwa kirefu.

Mji umekua. Dar hadi Dodoma nimepanda treni ya umeme, na kutoka Dodoma basi limepita Manyoni na Itigi, lami tupu mpaka nyumbani. Sisi tuliosafiri kwa treni ya Reli ya Kati, na mizigo ya shule miguuni, tunajua hiyo ni habari kubwa kiasi gani. Miembe ipo, asali ipo. Timu ya mji ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023, na siku ya mechi Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi unafurika mpaka watoto wanakwea miti. Haya.

Sasa jambo lenyewe. Katika mahafali ya kidato cha nne mwaka huu, shule yangu iliwaita wanafunzi wake wa zamani waliotamba michezoni, pamoja na walimu waliowafundisha, ikawapa heshima mbele ya wanafunzi wa leo na wazazi wao. Haikuwahi kufanyika. Enzi zetu ubao wa heshima ulikuwa mmoja tu, pale ukutani karibu na ofisi ya mkuu wa shule: wakuu wa shule waliopita, viranja wakuu, na waliopata Divisheni Wani. Sina ugomvi na ubao ule, nao uzidi kujaa. Lakini mtu aliyeikimbilia shule mpaka akatapika pembeni ya uwanja, jina lake halikuandikwa popote. Alishangiliwa Ijumaa, Jumatatu akasimama mstarini kama wengine.

Walimu walioitwa walikuwa watatu. Wa netiboli alikuja na wajukuu. Wa mpira wa miguu ameshatangulia mbele ya haki. Mke wake ndiye aliyepokea cheti na picha kubwa ya mumewe, na alipoiinua watu wazima waliokuwa wamevaa suti walilia waziwazi. Wa tatu ni mwalimu wetu wa riadha. Huyu ndiye ninayetaka mumjue.

Nilimfuata alipoketi kabla sherehe haijaanza. Nikapiga goti, "Shikamoo mwalimu." Akanitazama kidogo. "Marahaba mwanangu. Mkimbia kona." Jina langu lilikuwa limemtoka, ila nafasi yangu kwenye mbio za kupokezana vijiti alikuwa nayo: wa tatu, anayekimbia kona ya mwisho. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika daftari, kauntabuku lile lile la jalada gumu, kingo zimelika, limefungwa kwa kamba ya katani.

Kwa ambao hamkusoma kwetu: mwalimu huyu alikuwa akifundisha jiografia asubuhi, na saa kumi jioni yuko uwanjani. Mistari ya kukimbilia aliichora kwa majivu kutoka jiko la shule, kwa sababu chokaa ilinunuliwa wakati wa mashindano tu. Vijiti vya kupokezana alivikata kutoka mpini wa jembe, akavisugua kwa msasa hadi vikawa laini. Mfukoni alikuwa na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga, na aliyemaliza mizunguko alipewa kipande. Kila jioni, kila mmoja wetu, muda wake uliandikwa. Aliyeshinda na aliyeshindwa. Alikuwa na saa moja ya kupimia mbio, aliivaa shingoni kwa uzi wa kiatu, na hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuigusa.

MC alipofika kwenye majina ya riadha, alimtaja dada mmoja aliyekimbia mita 100 katika miaka ya 1990, akasema kwa mbwembwe kuwa alikuwa akimaliza kwa sekunde 12. Makofi. Mwalimu akanyanyuka polepole, akaomba maiki, akafungua daftari. "Sekunde 13 nukta 1," alisema. "Kwenye nyasi, bila viatu, saa ya kubonyeza kwa mkono. Msimwongezee wala msimpunguzie." Dada mwenyewe, sasa ni muuguzi na ana watoto wakubwa, alisimama akaanza kupiga makofi peke yake kabla ukumbi haujamfuata. Nilimwelewa sana. Mtu akikupa sifa ya uongo amempongeza mtu mwingine. Ile 13.1 ni yake, aliitolea jasho.

Halafu likaja jina la mrusha mkuki. Huyu ni binti, mdogo wetu, alisoma mwanzoni mwa miaka ya 2000, kipindi ambacho michezo ya shule ilisimamishwa kitaifa. Mnakumbuka. UMISSETA, mashindano ya sekondari, hakuna, UMITASHUMTA ya shule za msingi hakuna, mtoto mwenye kipaji hana pa kwenda. Shule nyingi viwanja viligeuka malisho. Yeye alikuwa kidato cha pili, mkono wake ukirusha jiwe unashangaa linatua wapi. Mwalimu akamtengenezea mkuki wa mwanzi wenye ncha ya bati, akachukua kamba ndefu akaipiga fundo kila baada ya mita moja, na jioni walikuwa wawili tu uwanjani pamoja na mlinzi wa shule kama shahidi. Siku moja akarusha mita 37. Hakuna medali, hakuna tangazo. Mwalimu akaandika tarehe, akaandika umbali, mlinzi akatia sahihi.

Mashindano yaliporudi, yeye alikuwa ameshamaliza shule. Leo ana duka la pembejeo Urambo. Mwaka huu shule imempa cheti cha heshima kwa kurusha mkuki mita 37 katika mashindano ambayo hayakuwahi kuwepo, kwa ushahidi wa ukurasa mmoja wa daftari. Katika yote niliyoyaona siku ile, hilo ndilo lililonifanya niandike.

Najua kuna watakaosema huu ni uzungu tumeuleta. Acheni niwaambie nilichokiona kule, mpime wenyewe. Shule za sekondari za Marekani zina desturi ya kuwatunza wanamichezo wao. Shule waliyosoma wanangu ina korido nzima ya picha, na kila mwaka wanaongeza watu, makocha wakiwemo. Mamilioni ya wanafunzi nchini mwao wanashiriki michezo ya sekondari, kwa hiyo korido kama hizo ni nyingi. Na tukiwa Ohio tulikuwa tunaishi ndani ya historia ya Jesse Owens. Ulimwengu unamjua kwa medali 4 za dhahabu za Berlin mwaka 1936. Watu wa Ohio watakueleza habari za Charles Riley, mwalimu wake wa michezo kule Cleveland. Owens alikuwa mtoto wa familia maskini, baada ya masomo alikuwa na kibarua katika duka la kushona viatu, hawezi kufanya mazoezi jioni na wenzake. Riley akakubali kumfundisha asubuhi kabla ya masomo. Mwaka 1933, akiwa bado mwanafunzi wa East Technical High School, Owens alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.4, sawa na rekodi ya dunia ya wakati huo.

Niliposikia habari ya Riley kwa mara ya kwanza nilimfikiria mwalimu wetu na majivu yake. Tofauti ni kwamba wa kwao ameandikwa.

Na nchi hii haina upungufu wa watu wa kuandikwa. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, dakika 3 sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo hadi utepe. Moscow mwaka 1980 yeye na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha, Bayi mita 3000 kuruka viunzi na maji, Nyambui mita 5000. Nyambui huyo huyo alisoma na kukimbia University of Texas at El Paso. Theresia Dismas alipata medali ya fedha ya mkuki katika Michezo ya Afrika kule Brazzaville mwaka 1965, na nilitamani sana MC amtaje wakati binti yetu wa Urambo amesimama pale jukwaani. Mwaka 2025 Alphonce Simbu ametwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, amemaliza kwa muda ule ule na Mjerumani Amanal Petros, 2:09:48, wakatenganishwa kwa picha. Kila mmoja wao alianza mahali fulani, kwa mwalimu fulani. Waulizeni wanafunzi wa leo watutajie walimu hao.

Mwaka 2022 mashindano ya kitaifa ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalifanyika hapa hapa Tabora. Mwalimu alikwenda kila siku, ananiambia, amekaa upande wa jua ili auone mstari wa kumalizia, na daftari mapajani, akiandika muda wa watoto wa mikoa mingine ambao hawajui hata yeye ni nani.

Zipo kasoro, nami nimezisema kwenye kamati yetu ya wahitimu, nazirudia hapa. Vyeti vimeandikwa jina na mwaka basi. Viandikwe mchezo na kiwango: muda, umbali, nafasi uwanjani. Mpira wa miguu ulipewa karibu saa nzima na netiboli dakika chache, wakati mwalimu wa netiboli ndiye aliyepeleka timu ngazi ya taifa mara nyingi kuliko mwenzake. Mama wa jikoni, aliyekuwa akituwekea uji wa pembeni wasichana wa riadha, hakuitwa kabisa, naye yuko hai, anaishi Kiloleni, anatembea vizuri. Aitwe mwakani. Tusingoje mtoto wake ampokelee.

Zawadi za mwalimu zilikuwa mbuzi na traksuti mpya ya bluu. Aliivaa palepale juu ya shati lake, akafunga zipu hadi shingoni na jua lile la Oktoba, akakataa kuivua. Wanafunzi walimbeba. Alipowekwa chini aliuliza kwa nini mistari ya uwanja haijachorwa.

Tumekubaliana hivi. Daftari lote litapigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuingizwa kwenye kompyuta ya shule, kisha ubao wa pili utawekwa bwaloni ambako kila mwanafunzi anapita. Fundi seremala ameshapatikana, mninga ameshauchagua. Michango tunakusanya kupitia viongozi wa kila mwaka kwenye kundi letu, na mwenye picha ya timu, jezi ya zamani au cheti, akipeleke kwa mwalimu wa michezo wa sasa kabla shule haijafungwa Desemba.

Na kuna shida moja ambayo ni ninyi tu mnaweza kuitatua. Kurasa mbili za mwaka 1994 ziliingiwa na mvua. Muda unasomeka, majina yamefutika. Wavulana, mita 100 mara nne kupokezana vijiti, sekunde 45.8. Mwalimu anamkumbuka aliyeanza, kwamba alikuwa mrefu, anatoka Sikonge, anatumia mkono wa kushoto. Hao wengine watatu hawapati. Mliokimbia siku hiyo, au mnaowajua, jitokezeni hapa chini, andikeni majina kamili na nani alimpa nani kijiti.