Safu za kaunta buku langu

Nilianza kunyanyua vyuma mwaka 1996, nikiwa na miaka 19, kwenye ua mmoja wa Temeke, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Chuma chetu kilikuwa bomba la maji. Kila upande tulichomeka makopo mawili ya rangi ya lita 4 yaliyojazwa zege. Tulikiita "hamsini" bila mtu yeyote kuwahi kukipima.

Miezi minane bega langu la kushoto liliuma, na kila nikisukuma chuma kifuani upande huo ulikuwa unazama. Nikaamini mkono wa kushoto ni dhaifu, nikauongezea kazi. Siku moja nikayabeba makopo yale hadi duka la nafaka, mwenye duka akaniruhusu kutumia mzani wake. Upande mmoja ulikuwa kilo 17 na nusu, mwingine 20. Bega halikuwa na kosa. Fundi alikuwa ametia kokoto nyingi zaidi upande mmoja. Nilivyotoka pale nilipitia dukani nikanunua kaunta buku, nikachora safu tatu: tarehe, uzito, mara ngapi. Tangu siku hiyo sijainua kitu nisichokijua uzito wake.

Chakula cha miaka ile sikukiandika. Kilikuwa ugali wa sembe na maharage, basi, na asubuhi mayai manne mabichi kwa sababu wakubwa wa uwanja ndivyo walivyofanya. Leo vijana wakiniuliza nawaambia wachemshe. Protini ya yai lililopikwa mwili huifyonza vizuri kuliko ya yai bichi, na yai bichi linaweza kukuletea salmonela.

Safu ya nne niliichora mwaka 2011. Wakati huo nilishahamia jimu yenye vyuma vya kweli na nilikuwa nimejiwekea kuvuta kilo 150 kutoka chini kabla ya kufikisha miaka 35. Siku moja nilijaribu baada ya kulala kwa muda wa saa nne tu, nilikuwa nimetoka safari. Seti ya tatu, yaani awamu ya tatu ya kunyanyua, mgongo ulikunjika nikiwa nusu ya njia. Siku kumi na moja sikuweza kufunga kamba za viatu, mke wangu ndiye aliyekuwa akiinama kunifungia.

Mtaalamu wa viungo aliyenitibu hakunipa hotuba. Alichukua mpini wa fagio, akaulaza mgongoni kwangu, akasema, "Kaka, uguse kisogo, katikati ya mabega na juu ya makalio. Sasa iname, na usiuache mpini ubanduke." Ulibanduka mara ya kwanza, ya pili, na ya kumi. Miaka kumi na mitano nilikuwa nakunja kiuno badala ya kusukuma nyonga nyuma. Wiki sita nilifanya kazi na dumu la maji la lita 20 tu, mpini ukiwa mgongoni kwanza, kisha bila mpini. Sikuwahi kurudi kwenye kilo 150. Navuta 100, mara tano, polepole, na safu ya nne inaitwa "mgongo kesho yake". Ikiandikwa "mgumu" siku mbili mfululizo, napunguza kilo 20 bila kujadiliana na nafsi yangu.

Mwaka 2018 nilipima presha zahanati kwa sababu tu foleni ilikuwa fupi: 152 kwa 98. Nilikuwa na miaka 41, kifua kimejaa, nikidhani presha ni ugonjwa wa watu wasiofanya mazoezi. Daktari aliniuliza swali ambalo hakuna kocha aliyewahi kuniuliza: "Ukinyanyua, unabana pumzi?" Nilikuwa nabana kila mara. Kubana pumzi chini ya mzigo mzito huipandisha presha ghafla, kwa hiyo nikajifunza kutoa pumzi wakati wa kusukuma, na nikaacha kabisa seti za kufia kwenye chuma, yaani kunyanyua hadi nguvu ziishe. Chumvi nayo ilikuwa nyingi kuliko nilivyofikiri. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na mimi nilikuwa naimwaga kwenye supu, kwenye chipsi, na juu ya kachumbari. Dawa pia nameza, hadi leo. Mazoezi hayakuiondoa presha yangu, na sitaki mtu aache dawa kwa kusoma habari zangu.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kuhesabu chakula. Nina kilo 76, nalenga gramu 110 hivi za protini kwa siku, kwa sababu misuli huanza kupungua taratibu hata kabla ya miaka 40 na mwili mzee huhitaji protini zaidi kuilinda. Sinunui protini ya unga ya kopo. Mayai matatu ni gramu 18. Nusu lita ya mtindi, kama 17. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, 15. Kipande kizuri cha samaki mchana, 30 au zaidi. Ugali wa dona unaongeza, na jioni dagaa wakavu wa kukaanga kwa nyanya hufunga hesabu. Dagaa nawaosha mara mbili kwa ajili ya chumvi.

Ramadhani ilinisumbua kwa miaka mingi. Nilijilazimisha kufanya kila kitu kabla ya futari na nikatoka nimechoka vibaya. Sasa nafanya baada ya tarawehe, mara mbili kwa wiki, seti nusu, uzito uleule. Kulinda nguvu kunahitaji kazi ndogo sana kuliko kuijenga, na daftari langu linaonyesha hivyo kila Mfungo Mosi: kilo ni zilezile nilizoziacha Shaabani.

Mwaka huu nina miaka 48. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, dakika 45. Tangu Machi goti la kulia linauma nikichuchumaa chini sana, kwa hiyo nimeweka stuli nyuma yangu na nakaa juu yake kabla ya kusimama. Nimeanza na kilo 30. Safu mpya nimeshaichora, na wiki tatu za mwisho imeandikwa "kimya".