Tuktuk mchana, vitwitwi alfajiri: siku yangu moja Mikindani

Saa tisa na nusu usiku. Giza totoro, mwezi umeandama juzi tu, yaani ni bamvua, maji yatajaa mpaka juu kwenye saa kumi na kitu na hapo ndipo kazi ilipo. Niseme mapema manake naulizwa kila siku: hatulipwi, sisi si askari, wala si wale wa darubini na kofia. Mimi ni dereva wa tuktuk, kuna mama wa mahamri, mwalimu mstaafu na vijana wa boda, tunazunguka Tudor Creek, mkono wa bahari hapa Mombasa, upande huu wa Mikindani na Jomvu, tukitafuta mitego ya ndege wa pwani wanaohamahama, kama vitwitwi, wale wadogo wa topeni.

Saa kumi. Maji yakipwa hawa ndege hutawanyika tope zima, kuwanasa si rahisi. Yakijaa tope linafunikwa lote, wanabanana kwenye kichanga kilichobaki wangoje yapwe tena. Mwindaji anajua hivyo vizuri kuliko sisi, anatandika wavu hapo hapo. Na mwezi wa nne ndio mbaya zaidi, wamenona, wanajaza mafuta ya safari ya kurudi Siberia kuzaa, kitwitwi aliyefika mwezi wa tisa mfupa mtupu sasa ana nyama ya kutamanisha mtu.

Saa kumi na dakika arubaini hivi tukaupata. Nailoni ile nyembamba iliyopigwa marufuku hata kwa samaki, imefungwa kwenye mikoko miwili, ndani vitwitwi kadhaa na sululu mmoja mkubwa, mdomo wake mrefu uliopinda umejisokota kwenye matundu. Hapa ndipo kichwa kinauma. Ukikata wavu umeharibu ushahidi, ukingoja maafisa wa wanyamapori ndege anakufa. Kwa hivyo tunapiga picha, tunapiga simu, halafu tunatoa ndege. Kumtoa si kuvuta. Unaangalia ameingilia upande gani, unamfunika kichwa na kitambaa atulie, unaanza na miguu, halafu bawa moja, halafu la pili, tochi umeibana mdomoni, mbu wanakula shingo, maji magotini, na yeye anakunyea mkononi, haki yake.

Sululu yuko mikononi bado, mwenye wavu akatokea. Tena namjua, mkewe ni kastoma wangu wa Kongowea. Hakukimbia.

"Asalam aleikum. Wavu wangu huo."

"Waaleikum salam kaka. Twajua."

Akasema ametega samaki. Samaki gani huyo anapita hewani juu ya mchanga, urefu wa kifua cha mtu? Akabadilisha. Hawa si ndege wetu, wapita njia tu, huko waendako wanaliwa, mbona sisi tusile? Hapo nilinyamaza kidogo kwa sababu wanaliwa kweli, Misri nyavu zinatandazwa ufuoni, Saiprasi wananaswa kwa ulimbo na sheria ipo, Malta ni bunduki. Nikamwambia basi wanaofika hapa ndio waliobahatika kuponea kote huko, nawe wangoja mlangoni. Akaniambia, "Sawa, mimi wataka nile nini?" Mwalimu akaanza kumsomea sheria ya wanyamapori ya 2013 na marufuku ya uwindaji ya 1977, nikamkanyaga mguu, mtu ana njaa alfajiri hii hasomewi sheria.

Kisha ikawa kungoja maafisa, kila tukipiga simu wana jibu. Tuko njiani. Nusu saa tu. Gari halina mafuta. Tuko njiani. Adhana ikapita, watu wakaswali zamu zamu, jua likatoka, suruali ikanikaukia tope mwilini, mama akafungua mahamri yake ya biashara akamgawia hata mwenye wavu, tukakaa pale maadui na mahamri mkononi tukizungumza bei ya unga, naye akatuambia siku hizi akilala baharini usiku kucha anarudi na samaki wa mchuzi wa nyumbani tu. Simchukii, ila mtego wake siuachi. Jua lilipopanda akasema ana kibarua Jomvu, akaenda zake, sisi si wa kumkamata mtu. Walipofika maafisa wakachukua wavu, wakasaini, wakaondoka.

Sululu alikuwa ameshapaa zamani, kimluzi chake kile cha haraka haraka mpaka ng'ambo ya mikoko. Vitwitwi wawili hawakupona.

Saa tatu mpaka saa tisa nabeba abiria, dada mmoja akaziba pua njia nzima.

Jioni maji yakajaa tena, sikumbuki hata niliegesha saa ngapi. Nyavu hakuna, ila watoto na manati, nao ukiwaonyesha picha za sululu kwenye simu wanasahau mawe, wanaanza kugombania simu. Wageni hupelekwa Mida Creek kule Watamu kuona ndege, sawa, kwetu kuna mifuko ya plastiki na maji machafu, lakini ndege wenyewe hawajali, wako hapa hapa. Mimi huona fahari hata hivyo, macho yakiwa mazito hivi hivi.

Nikauliza kwenye grupu nani yuko na mimi kesho. Mwalimu akajibu anaumwa mguu, tena akataja nani aliyemkanyaga. Mama kasema atakuja. Maji ya kesho yanachelewa kidogo, kama saa kumi na moja, kwa hivyo angalau nitalala dakika arubaini zaidi.