PIN ya kukhu

Jana huyu wangu wa gredi 3 amenigeuzia mgongo. Ameweka loki kwa simu ya mamake, nikamwambia hebu nipe hiyo namba niangalie kitu kidogo, akasema "Dadi, PIN ni siri," alafu akainama juu ya simu akaifunika na mkono, akaanza kubonyeza polepole na ulimi nje. Kale kamgongo kakanirudisha Luanda, ile ya kwetu magharibi ya Kenya, saa hiyo hiyo, chai ikapoa.

Ni ile miaka nilikaa kwa kibanda ya kijani pale stage nikingoja kuitwa chuo. 2011. M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007, kwa hivyo si eti ilikuwa kitu mpya, lakini kwa wazee wa huku kwetu ilikuwa bado mambo ya watoto wao wa Nairobi, wao walichojua ni simu ikilia unaipeleka kwa kijana. Kijana ndio mimi. Mtu anakupa simu, anakupa kitambulisho, anakutajia PIN na sauti ya kuagiza mandazi, foleni yote inaskia, watu wa omena wanaskia, hata makanga anaskia.

Na wala haikuwa na haja ya kutaja. Jamaa aliyekuwa kwa kaunta kabla yangu ndiye alisajili wengi wao, na ili asisumbuke kukumbuka akawapa wote PIN moja. Wote! Nilikabidhiwa hiyo namba siku ya kwanza pamoja na ufunguo wa kufuli na kitabu cha wakala. Leo nikifikiria nywele zinasimama, wakati ule niliona jamaa ana akili sana.

Sasa kukhu, ndivyo tunaita nyanya huku kwetu. Kila mwisho wa mwezi kijana wake anatuma kitu kidogo, elfu moja, elfu moja mia tano, na yeye anakuja na kabambe yake, ile simu ndogo ya vibonye, imefungwa kwa fundo la leso, pamoja na kitambulisho na peremende mbili. Moja ya hizo peremende ilikuwa yangu. Mimi namsomea meseji, natoa pesa, anaweka kidole gumba kwa wino, anaweka kwa kitabu, kwaheri. Hajawahi kuhesabu. Anakunja noti vile nimempa na kuzirudisha kwa fundo.

Alafu siku moja, Jumamosi, foleni imefika kwa mama wa ndizi, akaniambia leo hataki nimbonyezee. Akina mama wa kanisa wamemwambia hiyo namba ni kama chupi, haiazimwi. Anataka kubadilisha, na anataka abadilishe yeye.

Nikamwonyesha menyu. Hapa weka ile ya zamani, hapa weka mpya, hapa rudia ile mpya. Akachukua simu akageuka, akanipa mgongo, akaelekea kabati la mikate. Kidole chake kilikuwa kimepasuka na jembe, kinabonyeza vibonye viwili kwa mara moja, anafuta, anaanza tena. Mpya na ya kurudia zikakataa kufanana. Akarudia. Watu nyuma wanapiga miluzi, mmoja anauliza kama tunaandika barua kwa rais. Akarudia tena na midomo inatembea bila sauti. Na mimi nilikuwa nimenuna kabisa, ukweli ni huo, kwani nilikuwa nimemkosea nini?

Shida ni kwamba kabati la mikate lilikuwa na kioo.

Sikuwa natafuta kuona, ama nilikuwa, sijui, macho yalikuwa yamezoea. Niliona kidole kikienda kona ya juu, kikashuka, kikabaki hapo mara mbili, kikarudi katikati. Basi.

Mwezi ukaisha akarudi, amechangamka, nikaandaa menyu, akageuka na simu yake. Ikakataa. Akajaribu tena ikakataa. Nikamwambia kukhu ngoja kwanza, ya tatu ikikosea inafungwa na itabidi tupige simu uanze kuulizwa maswali. Akakaa kwa benchi na simu kwa paja, akafunga macho kama mtu anaomba. Nikahudumia watu wanne, labda watano. Ndio akaniita kwa kunong'ona, "Kijana, ilikuwa nini? Si wewe ulikuwa hapa?"

Ningesema sijui. Hiyo ndio jibu sahihi hata kwa kitabu. Lakini alikuwa amekuja na debe tupu la unga, liko hapo kando ya mguu wake.

Nikamwambia.

Pesa ikatoka, ting. Hakuniuliza nimejuaje. Aliangalia kaunta, akaangalia kabati la mikate, akaliangalia kidogo, akaweka kidole kwa kitabu. Nikampa elfu moja mia mbili. Akazihesabu, noti moja moja, alafu akazihesabu tena. Peremende zikabaki mbili kwa fundo.

Mwezi uliofuata nilimwona ng'ambo ya barabara kwa foleni ya yule wakala mwingine. Alinisalimia vizuri tu kutoka huko, akaniuliza mama hajambo.

Na huyu wa gredi 3, dirisha letu la jikoni usiku linakuwa kama kioo. Sijamwambia.