Ng'ombe wa Ziwa George

Niseme mapema ili mwenye kichefuchefu ageukie hapa: nilitoka Bukoba hadi magharibi ya Uganda kwenda kuangalia mavi ya kiboko. Mama aliponiuliza nafuata nini huko nikamjibu utalii. Akacheka. "Mwalimu na utalii wapi na wapi?"

Nimefundisha biolojia miaka kumi na moja, na kila mwaka huchora ubaoni mishale ileile. Jua kwenda majani, majani kwenda swala, swala kwenda simba, halafu mshale mmoja unaopinda kurudi chini, nao nauandikia "waozeshaji". Wanafunzi wanaunakili, wanafaulu, wanausahau. Likizo ile nilikuwa nimesoma habari za Ziwa George na viboko wake, jinsi wanavyokula nchi kavu usiku na kwenda kujisaidia majini mchana. Nikataka kuuona mshale wangu ukitembea kwa miguu minne.

Mutukula tulivuka alfajiri, muhuri ukagongwa bila maswali, na saa tatu asubuhi nilikuwa Masaka mkononi nina roleksi, chapati waliyoiviringisha na mayai ndani. Basi la kutoka Masaka kwenda Mbarara lilijaa hadi mlangoni. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mfanyabiashara wa Bwera, kule mpakani mwa Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kivu. Kadiri tulivyokwenda ndivyo malori ya matoke yalivyozidi kupishana nasi, yamejaa kupita ubavu, mikungu ya kijani imefunikwa majani ya migomba yake yenyewe, na juu kabisa vijana wamelala wakishikilia kamba. Yote yanaelekea Kampala.

"Ile ndizi yote inaenda Kampala," mama akasema akiyatazama. "Apa banabakia na nini? Banabakia na majani."

Alitania tu, lakini mimi Mhaya neno hilo lilinichoma. Kwetu mgomba haukuwahi kuishi kwa mvua peke yake. Nyumba ilizungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba, na nje ya kibanja kulikuwa na rweya, nyika ya nyasi kwenye udongo maskini usiofaa kwa chochote zaidi ya malisho. Asubuhi ng'ombe walitoka kwenda rweya, jioni wakarudi kulala, na samadi yao ikaenda kwenye mashina ya migomba pamoja na nyasi zilizokatwa kulekule. Miaka kwa miaka. Udongo mweusi wa kibanja ambao wageni huusifia kana kwamba Mungu aliuweka vile ulibebwa na matumbo ya ng'ombe, safari moja kila jioni. Tulipobaki bila ng'ombe, rweya ilibaki ileile, lakini kibanja kikaanza kupungua, na mikungu ya mama leo naibeba kwa mkono mmoja.

Sasa mkungu ukipanda lori unaondoka na potasiamu yake, moja ya virutubisho vya udongo, kwa kuwa mgomba ni mlafi wa potasiamu kuliko karibu kila kitu kingine udongoni. Kampala maganda huliwa na mbuzi na ng'ombe wa mjini, mengine huozea jalalani, mengine mtaroni. Lori linaporudi linabeba saruji na soda. Nishati iliyo ndani ya ndizi ile sina ugomvi nayo. Hata ingebaki shambani ingekwisha tu, kwa sababu jua huilipa upya kila siku. Potasiamu haina jua lake. Ikiondoka imeondoka, mpaka mtu aibebe kuirudisha au mwamba ulainike taratibu chini ya mizizi.

Mbarara, Ishaka, mashamba ya chai, sitaki kuyaeleza, nililala. Nilizinduka basi linapoanza kushuka ukingo wa Bonde la Ufa, na pale hata mama wa Bwera aliyepita mara mia alinyamaza. Chini kulikuwa na uwanda wa rangi ya mchanga, miti ya mfano wa vinara vya mishumaa imesimama mmojammoja, na mbali maji yanang'aa kama bati jipya.

Katunguru ni daraja, maduka, samaki na vumbi. Chini ya daraja hupita Mfereji wa Kazinga, unaoyatoa maji polepole Ziwa George kuyapeleka Ziwa Edward. Kutoka huko yanashika Mto Semliki hadi Ziwa Albert na kuingia Nile. Nilipanga chumba cha bei ndogo, na mwenye nyumba, mama mtu mzima, akanipa sharti moja. "Mwanangu, kikishaingia giza usitoke nje. Haja ndogo kuna ndoo." Nikadhani ni mambo ya wezi.

Saa sita usiku niliamshwa na sauti ya mtu anayefyeka. Haikuwa panga. Kwanza ilikuwa kama kitambaa kizito kinachochanwa, kisha kimya, kisha pumzi ndefu, kisha kuchana tena. Nikasogeza pazia. Kiboko alikuwa hatua kama sita kutoka ukutani, mgongo wake unafika usawa wa dirisha, kichwa kimeinama. Hang'oi nyasi kwa meno. Huzibana kwa midomo mipana kama jembe la trekta, akatingisha kichwa, zikakatika. Hakuniangalia hata kidogo. Alifyeka ukanda wake akapita, na nyuma yake nyasi zikabaki fupi kama za kiwanja cha mpira.

Kwa usiku mmoja mnyama huyu hula nyasi zinazofikia kilo 40. Zinasikika nyingi, lakini kwa mwili unaopita tani moja ni kidogo. Kiboko ni bahili wa nishati: mchana kutwa amelala majini, uzito wake umebebwa na maji, ngozi imekingwa na jua, hakimbii wala hapandi mlima. Anachochuma usiku hakitumii ovyo. Wala hacheui kama ng'ombe, ingawa tumbo lake nalo lina vyumba ambamo bakteria huchachusha nyasi kabla yake.

Asubuhi nilifuata nyayo hadi kichakani nikakuta nilichokuja kukitafuta. Dume huwa anapiga mavi kwa mkia, yakaruka kama uji kwenye pangaboi, na kichaka kizima kilikuwa kimepakwa hadi usawa wa kifua changu. Niliokota donge. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani, la kijani kibichi ndani, vipande vya nyasi bado vinaonekana urefu wa nusu kidole, harufu ya zizi la babu kabisa. Mbawakawa wawili walikuwa wameshawahi, mmoja anabingirisha donge lake kwenda kulizika. Mwenye nyumba alinikuta nimechuchumaa. "Mwalimu, una shida?" Nikamwambia hapana, mama, nipo kazini.

Nahodha wa boti niliyoipata alikuwa mvuvi zamani, kabla ya hapo mwanajeshi, na Kiswahili alikiokota kambini. Tukaelekea upande wa Ziwa George. Viboko walikuwa makundi kwa makundi, masikio na pua tu, na kila baada ya muda maji yalibubujika rangi ya chai ya rangi nyuma ya mmoja wao. "Ona," nahodha akasema, "huyu anakula huko, anakuja kumwaga huku. Ni kama pampu."

Nikamsimulia habari za ng'ombe wa Bukoba, wanaokula rweya wakamwaga kwenye kibanja. Akafikiri. "Basi hawa ni ng'ombe wa ziwa. Lakini wenu mliweza kuwafunga."

Neno lake lina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, hifadhi hii ya Queen Elizabeth ilipoanzishwa, viboko walikuwa wengi kiasi kwamba nyasi za kandokando ya maji zilikwisha, udongo ukabaki wazi, mvua ikauchukua. Mwishoni mwa muongo ule wasimamizi wakaanza kuwapunguza kwa bunduki, kwa maelfu, na nyasi zikarudi. Pampu inayovuta bila kupumzika hukausha kisima upande mmoja, na upande wa pili inaweza pia kuzidisha. Kwenye Mto Mara, kunakopakana kwetu na Kenya, watafiti wamekuta vidimbwi vya viboko ambavyo wakati wa kiangazi mavi hurundikana hadi bakteria wanaoyaozesha wanamaliza oksijeni yote. Mvua ikija ikayasukuma maji yale mtoni, samaki wanakufa. Mbolea ileile.

Tukatoka mferejini, ziwa likafunguka. Nilichovya chupa ya plastiki nikaiinua juani. Ilikuwa supu ya mchicha. Ziwa George ni kijani mwaka mzima, halingoji msimu, na sababu mojawapo ni kina chake: wastani wa mita 2.4, yaani ukisimamisha goli la mpira ndani yake mwamba wa juu ungegusa uso wa maji. Mchana jua hupasha maji ya juu yakatulia. Usiku yanapoa, upepo unayakoroga, na kilichotua chini kinainuka tena. Kila siku hivyo. Mwani, yaani chembe hai za kijani zinazoelea majini, haupati nafasi ya kuzama ukapotea.

Hapa fahari yangu ikapata pigo, na ni haki niliseme. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanasayansi walikaa kwenye ziwa hili miaka kadhaa wakipima, wakaona kwamba sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi inayolisha mwani hutoka ndani ya ziwa lenyewe. Vijidudu vinavyoelea majini, vidogo kiasi cha nukta, hula mwani na kuutoa kama mkojo, na mwani mwingine unaupokea palepale. Mito ya Rwenzori inaongeza chake, viboko wanaongeza chao, lakini pete kubwa inazunguka bila kuonekana ndani ya tone la maji nililolishika kwenye chupa. Kwa hiyo sikuja kuona mshale. Nilikuja kuona mnyama mkubwa anayedondoshea pete ambayo tayari inazunguka.

Nahodha alinunua ngege wawili, samaki wa jamii ya sato, kwa mvuvi tuliyempita. (Mvuvi alitaka kuniuzia pia mamba, nikashtuka, kumbe kwa Waganda mamba ni yule samaki wetu kamongo.) Nahodha akampasua ngege mmoja kwenye ubao wa boti na kuvuta utumbo wake, mrefu mara kadhaa ya samaki mwenyewe, mwembamba kama kamba ya kiatu. Akaukamua kwa kidole gumba. Mwanzoni ulitoka ute wa kahawia, halafu kijani safi kama cha ziwa.

Kile kijani kina maelezo yake. Mwani wa hapa una ukuta mgumu ambao samaki wengi hawauwezi. Ngege humwaga tumboni asidi kali, yenye pH (kipimo cha ukali wa asidi) chini ya 2, ikauyeyusha. Lakini asidi huja taratibu: anachomeza alfajiri hupita bila kuguswa, kijani kikatoka kijani, na baadaye mchana ndipo kinapogeuka kahawia. Ni kama mpishi anayetupa chapati ya kwanza kwa sababu kikaango hakijashika moto.

Na hapo ndipo hesabu ya ubaoni ilipopata nyama. Mwaka 1942, kijana wa Marekani Raymond Lindeman, aliyekuwa amekihesabia nguvu kiziwa kidogo cha Minnesota, alikufa akiwa na miaka 26, makala yake ikachapishwa miezi michache baadaye. Tangu hapo walimu tunafundisha kwamba kila ngazi ya mlo hupitisha juu kama sehemu moja ya kumi tu, nyingine ikapotea kama joto, isirudi. Ni makadirio, si sheria ya serikali. Ila chukua mwani wenye vipimo 10,000 vya nishati. Ngege anaula moja kwa moja: 1,000. Kwetu Ziwa Victoria mwani unaliwa na vijidudu, vijidudu na dagaa, dagaa na sangara: 10. Ndiyo maana kiziwa cha kilomita za mraba 250, kijani na chenye harufu, kinalisha watu wengi kuliko umbo lake.

Tulimla ngege wa pili pale Katunguru kwa mchuzi wa nyanya na matoke. Nahodha akamaliza kichwa chote hadi macho.

Nilirudi na furushi la ngege waliokaushwa kwa moshi, wamefungwa kwenye gazeti, na basi zima lilinijua. Kati ya Mbarara na Lyantonde malori ya matoke sasa yalikuwa yanakwenda upande wetu, tukayafuata nyuma kwa saa nzima. Mutukula afisa alinusa begi, akauliza, "Hii ndiyo zawadi?" Nikamwambia ni utalii.

Mama alichemsha watatu jioni ile. Baada ya kula alikusanya vichwa, miiba na magamba kwenye ungo, akatoka na jembe lake dogo hadi mgomba wa nyuma ya jiko, ule ambao kila mwaka huzaa mkungu kuipita yote. Akafukia, akamwagia na maji ya kuoshea sufuria. Nilimuuliza kwa nini siku zote mgomba ule.

"Ndio ulio karibu," akasema, akajifuta mikono.