Nilivyokifanya kifaa cha tangi kidumu kwa betri moja

Kifaa nilichokuwa nakiunda kilikuwa na kazi ndogo: kupima kina cha maji ndani ya tangi, kutuma namba hiyo kwa Wi-Fi, kisha kulala hadi saa ya kipimo kinachofuata. Chipu ni ESP32, kompyuta ndogo yenye redio ya Wi-Fi ndani yake, kihisi ni cha mawimbi ya sauti, na umeme wote unatoka kwenye betri ya lithiamu ya 2,500 mAh (miliampea-saa), yaani inaweza kutoa miliampea 2,500 kwa saa moja, au miliampea moja kwa saa 2,500. Sharti lilikuwa betri idumu zaidi ya mwaka bila mtu kupanda juu ya tangi kuigusa. Programu ya kupima na kutuma iliisha mapema. Umeme ndio uliokula karibu muda wangu wote.

Nilianza na hesabu kabla ya kuandika chochote. Kifaa kikitumia wastani wa maikroampea 100, yaani sehemu ya kumi ya miliampea, betri hiyo ina saa 25,000 ndani yake, karibu miaka mitatu, ukiacha chaji inayopotea yenyewe. Kikitumia wastani wa miliampea 5, ni saa 500, yaani wiki tatu. Kwa kuwa kifaa cha namna hii hulala karibu siku nzima, mkondo wa usingizini ndio niliouwinda kwanza.

ESP32 yenyewe, ikiwa kwenye usingizi mzito, hali ambayo karibu kila kitu ndani yake kimezimwa, hutumia takriban maikroampea 10. Lakini ukiipima bodi ya majaribio nzima utakuta mengi zaidi, kwa sababu kidhibiti volti, chipu ya USB na ile taa nyekundu isiyozimika kila kimoja kinachukua chake. Nikachora bodi yangu isiyo na vitu hivyo. Kihisi nikakiweka nyuma ya transista ya MOSFET, inayofanya kazi kama swichi, ili kikimaliza kupima kikatiwe umeme kabisa.

Mkondo ukashuka, ila si kwa kiasi nilichotarajia. Nilitenganisha saketi kipande kwa kipande mpaka chanzo kikajulikana: pini ya data. Kihisi kilikuwa kimekatiwa umeme kwenye mlango wake halali, huku pini ya chipu iliyounganishwa nacho ikibaki na volti 3.3. Umeme ukawa unapenya humo, unapita kwenye diodi za ulinzi ndani ya kihisi (vijia vya kukikinga na volti iliyozidi), na kukiacha nusu hai usiku kucha. Dawa yake ni mistari michache ya programu: kabla ya kulala, pini zote zinazogusa kihisi zinageuzwa kuwa za kupokea, bila rezista ya kuvuta juu, ile inayoiunganisha pini na volti ya chipu. Napenda sana mfano huu, kwa sababu mtu wa saketi peke yake angeweza kubadilisha vipuri mwezi mzima, na mtu wa programu peke yake asingejua kuna tatizo.

Neno kuhusu kupima. Multimita ya kawaida kwenye maikroampea ina rezista ndani yake, na redio ikiwaka ghafla volti inapotelea humo, kifaa kikazimika. Kwa hiyo mita niliitumia kwa usingizi tu. Kwa mkondo wa redio niliweka rezista ya omu 1 kwenye njia ya umeme na kusoma volti yake kwa oskiloskopu, chombo kinachochora volti inavyobadilika kwa wakati.

Kisha vifaa vya kwanza vikapelekwa nje, na nyakati za baridi vikaanza kujiwasha upya. Mezani havikuwahi kufanya hivyo. ESP32 hukumbuka sababu ya kuwaka kwake, kwa hiyo nikaiagiza programu itume sababu hiyo pamoja na kila kipimo, jambo ambalo sasa naliweka kwenye kila kifaa tangu siku ya kwanza. Jibu lilikuwa moja: volti imeanguka chini ya kiwango. Redio ya Wi-Fi inapotuma inaweza kuvuta takriban miliampea 240 kwa mkupuo, na baridi huongeza ukinzani wa ndani wa betri. Mkupuo ukikutana na ukinzani, volti inazama kwa muda mfupi sana, lakini unaotosha. Niliweka kapasita kubwa, kipuri kinachohifadhi chaji kidogo na kuitoa haraka, karibu kabisa na pini za umeme za chipu, nikahakikisha kihisi na redio haviwaki kwa wakati mmoja, na nikaacha kuamini volti ya betri iliyopumzika. Sasa naisoma redio ikiwa inatuma, maana hapo ndipo betri iliyochoka inapojulikana.

Jaribu lililofuata lilikuwa ruta kuzimika. Kifaa kinachotafuta mtandao huvuta kama miliampea 100. Dakika moja ya kutafuta ni takriban 1.7 mAh, ilhali siku nzima ya kulala kwa maikroampea 10 ni 0.24 mAh. Dakika hiyo moja imemeza usingizi wa wiki nzima! Kwa hiyo utafutaji wa mtandao nimeuwekea kikomo cha sekunde chache. Kifaa kikishindwa kuupata, kinahifadhi kipimo, kinalala, na kila kikishindwa tena kinasubiri muda mrefu zaidi, pamoja na nyongeza ya bahati nasibu ili vifaa vyote visivamie ruta kwa pamoja umeme ukirudi.

Kusasisha programu kwa mbali kulinitia wasiwasi kuliko yote, kwani kifaa kilichokufa juu ya tangi hakina wa kukifufua. Kumbukumbu ya flashi niliigawa sehemu mbili. Toleo jipya linaandikwa kwenye sehemu isiyotumika, sahihi yake ya kidijitali inakaguliwa, kisha linawashwa kwa majaribio. Ni lazima lisome kihisi na kuifikia seva ndipo lithibitishwe. Likishindwa, programu ya kuwashia inarudisha la zamani. Kupakua kunaiweka redio macho kwa muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote ya kifaa hiki, hivyo kabla ya kuanza kinapima volti redio ikiwa kazini. Ikiwa chini ya kiwango nilichokiweka, kinakataa sasisho, kinaiarifu seva kwamba betri imechoka, na kuendelea kupima maji kwa toleo lililopo.